Injini ya Ndege ya Charity

Kwa miaka kumi na tisa Jairus Lusweti alijulikana katika maabara ya meno ya bandia kwa mikono yake. Mtu akipoteza meno mawili ya mbele, daktari alituma kalibu ya kinywa chake, na Jairus aliyachonga mengine kwa nta, akiyapinda kidogo yalipokuwa yamepinda, akiyatia wekundu wa chai pale mwenyewe alipokuwa nao. Kisha Februari wakaleta printa. Lilikuwa kabati jeupe lililotoa meno ya watu sita kwa mpigo, na kazi ya Jairus ikawa kubonyeza, kungoja, kuosha, na kungoja tena. Kufika Aprili meneja alimwita, akamweleza kwa upole kwamba siku zake zitapunguzwa kutoka tano hadi tatu.

Hakumwambia mkewe. Si kwamba alipanga kumficha. Siku ya kwanza Charity alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku hospitalini, siku ya pili walikuwa na wageni wa kanisani, na kufika ya tatu aliona ameshachelewa kuanza. Basi kila Jumanne na Alhamisi alivaa, akabeba chakula chake, akatoka kama kawaida. Alipanda treni kwenye stesheni ya mtaani kwao, Erdington, akaenda nayo hadi mwisho wa reli, akageuka nayo hadi mwisho wa upande wa pili. Miguu ilimwasha. Vidole navyo havikukubali kulala. Mara nyingi alijikuta ameminya tiketi mpaka imekuwa na umbo la gego.

Charity aliona tu kwamba mumewe hatulii. Anakula amesimama. Anafungua friji, anaifunga, anaifungua tena. Siku ya kuzaliwa ya mumewe alimletea sanduku kubwa: ndege ya kivita ya zamani, ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe, vipande mia tatu na zaidi, na injini ya silinda kumi na mbili yenye kila kibomba chake. Ilikuwa haitengenezwi tena, na Charity aliitafuta miezi miwili.

"Baba Ivan," alimwambia, "kaa chini utulie."

Ivan wao alikuwa chuoni Leeds, na meza ya chumbani kwake ilikuwa tupu. Jairus akakaa. Alibandika namba moja kwenye namba mbili, ya tatu kwenye ya nne, akaweka injini puani, akafunga mabawa. Lakini kila kipande kilikuwa kimeshafikiriwa na mtu mwingine. Ikawa printa ileile, ila hii ilikwenda polepole.

Jirani yake, mzee Jagdish, aliyestaafu kutoka kiwanda cha magari ya mizigo kule Washwood Heath, ndiye aliyemwonyesha picha. Ilikatwa kwenye gazeti kuukuu: gari refu, limechongoka kama samaki, lililojengwa miaka ya thelathini ili livunje rekodi ya mwendo wa nchi kavu, likafungwa injini ya ndege. Vita vilianza kabla halijakimbia. Jagdish alilitamani miaka ishirini, lakini duniani hakukuwa na sanduku lake. Aliyelitaka alipaswa kuliunda kutoka mwanzo, na asichoweza kukichonga akikate kwenye modeli nyingine. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamechoka, moja limeshapofuka. Alimpa Jairus picha, akamwomba ajaribu.

Siku za treni zikapata kazi. Jairus alishuka kila stesheni kusaka maduka ya mitumba, akanunua trekta la kuchezea kwa ajili ya magurudumu yake, na kitana kilichokuja kuwa matundu ya kupitisha hewa. Bodi aliichonga kwa nta, akaimwagia plasta, kisha ndani ya kalibu ile akamimina plastiki ya kutengenezea ufizi wa bandia aliyoizoea. Gari likatoka la waridi kama kinywa cha mtoto. Pua ya kwanza ilikuwa nene, akaitupa. Ya pili ikapasuka. Ya tatu aliipiga msasa mpaka vidole vikachubuka.

Ikabaki injini. Aliichonga wiki mbili, na mabomba kumi na mawili ya moshi yakagoma kufanana. Jumapili moja alasiri, Charity akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Jairus alichukua msumeno mwembamba, akaiweka ndege mapajani, akaikata pua na kuitoa injini. Alijiambia ataiziba. Alipomaliza alitazama mikono yake, akaona imetulia kwa mara ya kwanza tangu Februari, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu. Akaielekeza ndege ukutani na kuifunika kwa taulo.

Jumanne hakutoka. Charity alikuwa amesema atabaki kazini kwa mafunzo mpaka saa sita mchana. Lakini mafunzo yaliahirishwa, na saa tatu asubuhi mlango wa chumba ulifunguka. Jairus alikuwa mezani na nguo za kulalia, ameishika injini kwa vidole vya mikono miwili ndani ya gari la waridi. Gundi ilihitaji dakika tano. Angeiachia, ingekaa upande.

"Leo ni Jumanne," Charity alisema.

Jairus hakugeuka. Akiwa bado ameishika injini, alimweleza yote: printa, meneja, siku tatu, treni. Maneno yaliyomshinda tangu Aprili yalimalizika kabla gundi haijakauka. Nyuma yake alisikia taulo likiondolewa.

"Niliitafuta miezi miwili," Charity alisema.

"Najua."

"Ungeniomba, ningekwambia kata."

"Ningekuomba, ungeuliza kwa nini siwezi kukaa kama watu."

Charity alikaa kwenye kitanda cha Ivan, viatu vya kazi bado miguuni. Alisema ndege haimuumi sana. Kinachomuuma ni kwamba mtu amezunguka na treni miezi yote hiyo huku yeye amelala nyumba hiyohiyo, akidhani anamjua. Kisha akaenda kulala. Siku mbili hakumsemesha ila kwa mambo ya chakula. Jairus alipanda ngazi, akashuka, akapiga msasa mahali palipokwisha kulainika.

Siku ya tatu Charity aliingia akiwa amevaa sare, akalichukua gari, akaligeuza na kupitisha ukucha mgongoni mwake. Aliuliza kama hiyo ni plastiki ya meno. Jairus akaitika.

Ndipo alipomwambia kwamba hospitalini kwao kuna mama mmoja, Rupa, anayewatengenezea watu masikio na pua kwa mkono, wale waliokatwa kwa sababu ya saratani. Mwaka mzima Rupa analalamika kwamba vijana wanaoletwa wanajua kioo cha kompyuta tu, kuchonga hawajui.

"Mwaka mzima, Mama Ivan?"

"Sikukuambia kwa sababu nilidhani una kazi."

Alhamisi iliyofuata Jairus alishuka treni kwenye stesheni ya hospitali. Rupa alimpa nta na picha ya sikio la kushoto, akamwambia amfanyie la kulia. Jairus alipomaliza, Rupa alilitazama, hakumsifu, akasema ndewe, ile ncha ya chini, ni nene. Jairus akarudia. La tatu Rupa aliliweka kando, akamwambia nafasi itatangazwa baada ya wiki mbili, aombe kama wengine.

Aliomba. Wiki za kungoja hakulala vizuri. Alilipaka gari rangi ya fedha, akampelekea Jagdish, na mzee akalishika karibu na jicho lake zima muda mrefu, akilipapasa bomba moja moja. Barua ilikuja Agosti: amechukuliwa kama mwanafunzi, aanze Septemba.

Siku ya kwanza Rupa alimpeleka kwa mgonjwa, dereva wa basi aliyepoteza pua, akamkataza kugusa nta mpaka amjue uso. Dereva alikuwa na haraka. Aliuliza itachukua muda gani.

Jairus akamwambia bado hajui, akavuta kiti, akakaa.