Wali wa Matanga

Kefule! Athmani alitema mate kando ya njia, akajikuna mbavu, akatema tena. Usiku uliopita alilazwa kwenye kitanda cha mtu huko Diani, na kunguni wa kitanda kile walimla kana kwamba walialikwa. Asubuhi akapewa uji wenye nzi. Akawatoa kwa kidole, akaunywa wote, akasema wallahi sijapata kunywa uji mtamu kama huu. Hilo ndilo lililomkera kuliko nzi wenyewe, kule kushukuru.

Watu hudhani mtembezi asiye na kitu taabu yake ni njaa na jua. Aka! Njaa huzoeleka. Kinachochosha ni kutabasamu. Ucheke mzaha wa mwenye nyumba usiochekesha, unywe kikombe kilichopita vinywani mwa ukoo mzima, ulale kati ya wajukuu wanaokojoa, kisha uharishe, ashakum si matusi, nyuma ya mgomba wa watu huku kuku wanakutazama. Na ukiugua, hakuna ajuaye u mwana wa nani. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hawakusema kwamba akiimaliza miguu huanza kula haya yake.

Aliondoka kwao Vanga mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa. Nchi ni yetu, alisema, nataka niione yote. Mama yake, Mwanamkuu, mjane mwenye mwana huyo mmoja, alimlilia asiende. Alipomwona ameshika fimbo akamwambia mlangoni, "Nenda basi. Lakini radhi yangu nimeiacha hapa kizingitini. Siku ukirudi, uje uiokote mwenyewe."

Athmani alicheka, akakiruka kizingiti. Akafika Malindi, akafika Lamu, akapanda mpaka Taita. Miaka ikapita, hakupeleka hata salamu. Sasa kichwa kimejaa chawa na mwili umejaa upele, alitaka kitu kimoja tu duniani: afike Vanga, amshike mama yake miguu, apewe radhi yake. Bila hiyo alijua hatanyookewa na lolote, hapa wala akhera.

Njaa ilimkamata alipofika kijiji cha Bongwe. Nyumba moja karibu na barabara ilikuwa na wanaume wamekaa mikekani, wamevaa kanzu, na moshi wa masufuria makubwa ukipanda uani. Matanga! Tumbo lake likafurahi, naye akajichukia kwa furaha ile. Huo ndio ufundi alioupata safarini: ingia na uso mzito, toa makiwa, usiulize aliyekufa ni nani, lia kidogo, kula sana.

"Makiwa, jamaa," akasema, akifuta jicho kavu. "Mtu mwema sana huyu. Alinifaa siku niliyokuwa sina mbele wala nyuma."

Wakamketisha karibu na mlango wa uani. Mwanamke mtu mzima aliyejifunga kaniki, macho yamemvimba kwa kulia, akamletea sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula, mwanangu. Marehemu aliusia kwamba msafiri asipite hapa na njaa."

Wali ulikuwa umeungua chini, mchuzi umeganda mafuta, na mkono wenyewe alioutia humo ulikuwa na magamba ya upele. Kichefuchefu kikampanda. Akakimeza pamoja na tonge.

"Ulimjua wapi?" akauliza mzee aliyeketi jirani naye, jina lake Boga.

"Safarini," Athmani akajibu, kinywa kimejaa.

"Ajabu! Na yule wa Galu tuliyemzika juzi, naye ulimjua safarini? Nilikuwapo. Naye alikufaa siku uliyokuwa huna mbele wala nyuma. Maneno yaya haya!"

Watu wakageuka. Lakini yule mwanamke alipiga magoti mbele ya sinia.

"Mwacheni kwanza. Mwanangu, mimi ni Tumu, mwenye nyumba hii. Katika kutembea kwako umepata kukutana na mtu aitwaye Athmani, wa Vanga? Marehemu ni mama yake, Mwanamkuu. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini alikuwa dada yangu. Alihama kwao akaja kuomba chumba hapa, kwa kuwa wasafiri warudio kusini hupita barabara hii. Kila aliyepita alimlisha, akamuuliza. Ameniachia neno la kumwambia mwanawe."

Athmani aliacha kutafuna tonge. Akalitema kiganjani.

"Ni mimi," akasema. "Mama, ni mimi Athmani."

Boga akacheka kicheko kibaya. "Haya! Sasa amekuwa mwana."

"Wallahi ni mimi! Alisema radhi yake ameiacha kizingitini, nirudi niiokote!"

"Hayo alimweleza kila mpita njia," Tumu akasema. "Wamekwisha kuja wengine wakajiita Athmani, wakala, wakashiba, wakaenda zao. Na kila mara dada alitoka mbio kuwalaki, maskini, bila viatu."

Akamtazama: chawa, upele, punje za wali ndevuni. Uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Mwana wa Mwanamkuu hawezi kuwa mla matanga. Hawezi kuwalilia watu asiowajua apate wali. Kefule!"

"Basi niambie lile neno tu. Niambie, nami nitaondoka."

"Neno la maiti ni amana. Nitampa mwenyewe."

 Lau Athmani ndiye angeulizwa, naye asingemwamini mtu huyu. Boga akamshika bega, akamwinua. Tumu akaukusanya wali uliobaki, akaufunga katika jani la mgomba, akamtupia mikononi.

"Chukua. Si kwa ajili yako. Usia ni usia."

Akatembea mpaka nyumba isionekane, akaketi kando ya barabara, akalifungua jani. Nzi wakaja palepale. Akala. Akatapika, akajifuta kwa kiganja, akala tena, na ukoko wake, mpaka jani likawa tupu. Hapo machozi yakamtoka, ya kweli safari hii, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia makiwa.