Sufuria ya Mtu Mmoja

Boma la Mzee Ogoti lilikuwa na nyumba mbili, na katikati ya ua palikuwa na benchi moja la mbao. Nyumba ya juu ilikuwa ya mzee mwenyewe. Ya chini, karibu na migomba, ilikuwa ya Damaris, mke wa marehemu mwanawe Lewis. Tangu Esnah, mke wa mzee, azikwe mwezi wa pili, hapakuwa na mtu mwingine humo, wala wa kuyachukua maneno ya huyu akayafikisha kwa yule.

Kwa Wagusii, mwanamke na baba mkwe wake wana chinsoni, ile heshima inayowaweka mbali. Hawashikani mikono. Hawaketi kiti kimoja. Mzee haingii nyumba ya mke wa mwanawe hata mvua ya mawe ikinyesha. Wengine siku hizi wamelegeza, utawaona wakisalimiana kwa mkono mlangoni pa kanisa, lakini Ogoti alikuwa mtu wa kale, na Damaris, ambaye hata dukani aliagiza sukari kwa kunong'ona, hakuwa mtu wa kumwanzishia mzee mambo mapya.

Esnah alipokuwa hai hapakuwa na shida. Mzee alikuwa akisema akiwa kwenye kiti chake, "Mwambie Damaris mvua inakuja, aanue nguo," naye Esnah akageuka na kusema, "Damaris, mvua inakuja, anua nguo," ingawa Damaris alikuwa amekwisha kusikia na nguo mbili ziko begani. Walikuwa wakicheka, wote watatu, kila mmoja akitazama upande wake.

Sasa kila jioni Damaris alipika, akaweka sahani iliyofunikwa juu ya benchi, akakohoa, akaingia kwake na kufunga mlango. Alisikia viatu vya mzee vikija na kurudi. Asubuhi aliikuta sahani benchini, naye akaisoma kama barua. Ikiwa imemalizwa, mzee alilala vyema. Mboga zikibaki, mgongo unamuuma. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya boma lile.

Wiki hiyo Damaris alipigiwa simu kutoka Nyanchwa, kule mlimani kando ya mji wa Kisii. Shule moja ilimtaka awafundishe watoto wa chekechea, kazi aliyoisomea chuoni na ambayo kijijini alikuwa akiifanya kwa kujitolea tu. Angepewa na chumba. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Nyanchwa si mbali, lakini huwezi kupika ugali Nyanchwa ukafika kijijini Itumbe ungali moto. Na kuondoka bila neno la mzee kungekuwa kutoroka. Damaris hakutaka kulitoroka kaburi la Lewis, wala kumwacha mzee akikohoa peke yake uani bila kujua kwamba sahani haitakuja. Alitaka amwambie. Alitaka asikie kutoka kwake, aende au asiende. Ila nani wa kuyapeleka maneno?

Ndipo ikaja safari ya kikundi cha wachuma chai. Mwenyekiti wao, Joash, mtu wa kofia na maneno mengi, alisimama kituoni wakati majani yakipimwa akasema, "Mto Gucha tunaunywa, tunaufulia, tunauoga tangu enzi za babu zetu. Nani kati yenu amewahi kuona unakoenda?" Hakuna aliyewahi. Basi wakakodi basi la shule siku ya Jumapili, kwa kuwa kwa wengi Jumamosi ni Sabato, waende hadi kule mto unakoingia ziwani, wapande boti, kisha wapite sokoni.

Mzee alijiandikisha, na Damaris naye akajiandikisha kwa sababu moja tu: Shangazi Eucabeth, dada yake mzee, alikuwa anakwenda. Ndani ya basi aliketi kando yake, na walipopita Rongo akamnong'oneza habari yote.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?" Eucabeth akauliza.

"Kila nikija, una wageni."

"Ningewafukuza." Akampapasa goti. "Usijali, mwanangu. Tukiwa kwenye boti nitaketi naye, nimwambie polepole. Majini hawezi kuondoka katikati ya maneno. Si unamjua?"

Damaris akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Safu tatu mbele yao kofia ya mzee ilitikisika kila basi lilipoingia shimoni.

Walifika saa nne. Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, imepakwa rangi ya samawati, na ilipoguswa tu iliyumba. Eucabeth aliitazama kwa muda, akatazama maji, kisha akaketi juu ya jiwe akaweka mkoba miguuni.

"Mimi Mungu aliniumba kwa udongo," akasema. "Udongo kwenye maji mnajua unavyokuwa. Nendeni, nitawaombea."

"Shangazi," Damaris akasema.

"Siwezi, mwanangu. Nisamehe. Tukirudi nitamwambia, haki ya Mungu."

Lakini Damaris alijua kwamba wakirudi kutakuwa na soko, na kutoka sokoni Eucabeth angelala usingizi hadi nyumbani. Akavaa boya la rangi ya machungwa, akaingia.

Mwenye boti alikuwa akipanga watu kwa uzito. Gladys, mama mnene kuliko wote kikundini, aliwekwa katikati kabisa, akasema, "Niweke, mimi ndiye nanga." Kisha yule mtu akamshika Mzee Ogoti mkono, akamwita na Damaris. "Nyinyi wawili wembamba, hapa mbele. Baba na binti, kaeni pamoja."

Benchi lile la mbele lilikuwa fupi. Kabla hawajajua la kufanya, walikuwa wameketishwa, na injini imewashwa.

Gladys akashika mdomo. "Uui! Huyo si binti yake! Ni mke wa mtoto wake!"

Mzee akainuka ahame. Boti ikalala upande, watu wakapiga kelele, Joash akamwita Yesu.

"Mzee, keti!" mwenye boti akafoka kutoka nyuma. "Kwenye maji hakuna kubadilishana viti. Kuna viboko hapa!"

Mzee akaketi. Alijisogeza hadi nusu ya mwili wake ikawa hewani. Damaris naye akajisogeza upande wake, akauweka mkoba katikati yao kama ukuta. Akageuza uso kulia. Mzee akageuza wake kushoto. Nyuma yao injini ilinguruma, na wenzao, baada ya kuona aibu kwa niaba yao, wakaanza kupiga picha.

Mto ulikuwa mpana na mwekundu, mzito wa udongo wa milimani kwao. Damaris aliutazama bila kuuona. Tangu aolewe hakuwahi kuwa karibu hivi na mtu huyu ambaye alimpikia kila siku. Alisikia pumzi yake. Alinusa sabuni ya kipande, ileile anayoitumia yeye, kwa sababu waliichukua duka moja. Aliona kwa pembe ya jicho kwamba kifungo cha koti lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha kijivu. Kwa hiyo anashona mwenyewe, akawaza, na akaona uchungu kwamba hakuwahi kujua.

Mbele yao alisimama mtu mmoja mzima mwenye kofia ya sufu, akipima kina cha maji kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Alikuwa Mjaluo wa kulekule. Damaris alimtazama kwa muda mrefu. Akajiambia atahesabu ndege kumi weupe, kisha aseme. Akahesabu kumi. Akahesabu na wengine kumi.

"Kaka," akasema hatimaye. "Tafadhali, mwambie baba nimepata kazi."

Yule mtu akageuka. "Baba yupi?"

"Huyu."

"Huyu hapa? Si unaweza hata kumgusa kiwiko?"

"Siwezi. Mwambie tu."

Yule mtu akamtazama Damaris, akamtazama mzee aliyekuwa akitazama matete, akautazama mkoba katikati yao. Uso wake ukabadilika. "Aa," akasema polepole. "Mimi na mama mkwe wangu ni miaka ishirini na miwili. Sijaketi naye meza moja." Akaushika upondo wima, kama mtu anayetoa ushahidi, akapaza sauti juu ya injini. "Mzee! Binti anasema amepata kazi."

Mzee hakugeuka. "Muulize wapi."

"Anauliza wapi."

"Nyanchwa. Kufundisha watoto. Wananitaka Jumatano, na jibu ni kesho."

"Nyanchwa, mzee. Watoto. Jumatano, na jibu ni kesho."

Boti ilikata kona. Kiboko mmoja aliinua masikio, na nyuma Gladys akalia kwamba ameonwa, yeye ndiye atakayetamaniwa kwanza. Mzee alingoja kelele zitulie.

"Muulize kama kuna nyumba ya kulala."

"Chumba kimoja," Damaris akamwambia mwenye upondo.

"Maji?"

"Bomba liko uani."

"Mlango unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa kuyaelekea maji, mara mbili. Lilibaki lile lililomleta Damaris, na sasa kwa kuwa njia ilikuwa wazi, lilikuwa gumu kuliko yote.

"Mwambie," akasema, akajirekebisha. "Muulize, nani atampikia?"

Mwenye upondo alifungua mdomo, lakini wakati uleule injini ikazimwa. Kingo zilikuwa zimeisha pande zote mbili. Mbele yao lilikuwa ziwa, la kijivu, halina mwisho, na maji yao mekundu yaliingia humo kama ulimi, yakaenda kidogo, yakapotea.

"Wapendwa!" Joash akasimama nusu, akaketi haraka. "Huu ndio mwisho wa Gucha!"

"Basi sabuni yangu ya juzi iko hapo," Gladys akasema, na boti nzima ikacheka.

Mzee Ogoti hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mstari ambapo rangi mbili zilikutana. Mwenye upondo alimtazama Damaris kama anayeuliza arudie swali. Damaris akatikisa kichwa. Watu wote walikuwa wamenyamaza sasa kusikiliza maji, na neno lile halikuwa la kusikiwa na watu ishirini. Safari ya kurudi, injini ilipowashwa tena, mzee alikuwa amefumba macho. Damaris hakujua kama amelala.

Sokoni wenzake walitawanyika wawiliwawili. Wanawake walijipimia nguo za mitumba na kuulizana kama zinawakaa. Wengine waliungana kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa debe. Damaris alizunguka peke yake. Hakuna aliyemkataa, ila tu hakuna aliyemwita. Eucabeth alikuwa kivulini akila samaki, na alipomwona akamwashiria kwa mkono wenye mafuta kwamba hajasahau.

Ndipo akaiona kofia ya mzee kwenye kibanda cha vyombo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria, akizigonga kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Ya watu wangapi, mzee?" mama muuzaji akauliza.

"Ya mtu mmoja."

"Mmoja? Chukua ya watatu. Hata mtu mmoja hupata wageni."

"Mmoja," mzee akarudia.

Damaris alisimama nyuma ya kamba ya kanga za kibanda cha jirani. Swali lake la botini lilikuwa limesikika, basi, na jibu lilikuwa hili hapa, limeng'aa, dogo kama bakuli. Alikuwa ametaka ruhusa. Hakuwa amefikiri kwamba ruhusa ingeuma namna hii.

Mzee akainua moja nyembamba. Damaris akajua itakavyokuwa: ugali umeshika chini, moshi, mzee akiikwangua gizani. Akatoka nyuma ya kanga, akasimama ubavuni mwa kibanda akiwa ameelekeza uso barabarani.

"Mama," akamwambia muuzaji, "mwambie hiyo ni nyepesi, itaunguza. Achukue ile nzito ya nyuma."

"Mwambie mwenyewe, si huyu..." mama akaanza, lakini mzee alikuwa amekwisha kuirudisha ile nyembamba na kunyoosha mkono nyuma.

Akaishika ile nzito, akaigonga. "Muulize," akasema bila kugeuka, "maji kiasi gani."

Mama muuzaji akatazama huku na huku.

"Vikombe viwili," Damaris akasema. "Unga atie yakichemka, si kabla. Na asiache moto mkubwa."

"Na mwiko?"

"Mfupi. Ule mrefu ni wa sufuria kubwa."

"Na mboga?"

Damaris akasogea kando. Watu walipita na mikungu na mabeseni. "Managu achemshe kwanza amwage maji," akasema. "La sivyo yatakuwa machungu."

Mzee akasimama taratibu, mkono mmoja mgongoni. "Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie Jumatano asichelewe. Walimu hawapendi kuchelewa."

Akalipa, akaenda kuelekea basi, sufuria ikiwa kwapani.

Njia nzima ya kurudi Eucabeth alilala begani kwa Damaris. Waliposhuka Itumbe jua likiwa linazama, akashtuka, akajipiga paji la uso. "Yesu wangu! Sikumwambia!"

"Si neno, Shangazi," Damaris akasema.

Jumatatu asubuhi alipiga simu Nyanchwa akakubali. Jioni aliosha mchele, akaikumbuka sufuria ile mpya, akauweka kando. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni mwa Esnah, mweusi kwanza, kisha ukasafika. Akasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, polepole, mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Alingoja mlangoni hadi harufu ya managu ikamfikia, nayo haikuwa ya uchungu.

Alipotoka kwenda kuwafungia kuku, aliikuta sahani yake juu ya benchi, ile ya maua aliyokuwa akimpakulia. Miezi yote ile hakuna siku iliyorudishwa ikiwa imeoshwa. Sasa ilikuwa imesuguliwa kwa majivu hadi maua yakapauka, imekaushwa, imefudikizwa.

Damaris aliichukua kwa mikono miwili. Akakohoa, kwa mazoea tu, kisha akaingia kwake na kufunga mlango.