Kofia ya Daktari Didas

Mwalimu Anyitike alikuwa na imani mbili: kwamba Bwana Yesu atarudi, na kwamba hakuna kijana atakayekwenda Makerere kusomea udaktari bila kuwa na vyama vya kutosha. Ya kwanza alikuwa tayari kuisubiri. Ya pili aliihangaikia kila siku baada ya kengele ya alasiri, akizunguka uwanja wa shule na filimbi yake shingoni, akiwasaka wavulana waliokaa bure.

"Kamati haitakuuliza hesabu," alimwambia Sedekia. "Hesabu zako wanazo. Watakuuliza ukitoka darasani unakwenda wapi. Haya, ukitoka darasani unakwenda wapi?"

Sedekia alikuwa Mhehe wa Kalenga, mwaka wake wa mwisho katika sekondari hapo Iringa, kijana mrefu mwenye masikio makubwa na alama nzuri za biolojia. Alitaka udaktari kuliko alivyotaka chakula, na wali wa Jumapili aliupenda sana. Akafikiri, akasema kweli.

"Nakwenda misibani, Mwalimu."

Mwalimu Anyitike alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, na kwao msiba ni jambo kubwa lenye ngoma, kwa hiyo hakushtuka mara moja. Alishtuka alipoelezwa.

Maana ilikuwa hivi. Zamani Wahehe na Wangoni walipigana mpaka pande zote mbili zikachoka. Walipochoka wakapatana, wakaweka mikuki chini, wakabaki na midomo. Tangu hapo ni watani. Mngoni akikutukana humkasirikii. Akikamata kuku wako humshtaki. Unangoja siku yako umlipe. Lakini ukifiwa, huyo huyo mtukanaji ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kuchota maji, kuvaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu alivyotembea, mpaka mjane anacheka na machozi yanamtoka. Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wanaolia.

Na Iringa mjini Wangoni hawakukosekana: mafundi seremala, maaskari, wapishi. Alipokufa mmoja wao, Bibi Yudith wa Kalenga alijifunga kanga kiunoni akaenda, na mjukuu wake nyuma. Bibi huyo ndiye aliyemlea Sedekia tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kazi. Siku moja walimzika mpishi mmoja mnene, na Sedekia akalala katikati ya njia mbele ya jeneza, akasema haondoki mpaka aambiwe ile nyama yote marehemu aliyoionja jikoni kwa Wazungu ilikwenda wapi. Mke wa marehemu, ambaye tangu jana yake hakuwa amefungua mdomo hata kwa maji, alicheka, kisha akalia sana, kisha akaomba uji.

"Usilitaje hilo," alisema Mwalimu Anyitike. "Mtu anataka kuwa daktari halafu anasema anapenda misiba? Watadhani unatafuta wateja."

Basi akampangia vyama. Kwaya kwa ajili ya mapafu, skauti kwa ajili ya miguu, mdahalo kwa ajili ya ulimi, na huduma ya kwanza kwa ajili ya mikono. Daktari, alisema, anatengenezwa kipande kipande.

Sedekia alijitahidi, na hilo lazima lisemwe. Katika kwaya alipewa sauti ya nne, na baada ya wiki moja mwalimu wa nyimbo akamwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu. Katika mdahalo, mada ikiwa jembe na kalamu kipi bora, alivitetea vyote viwili kwa sababu vyote vilimhurumisha. Katika huduma ya kwanza alimfunga bendeji rafiki yake Alawi, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo pale mjini, akamkaza vizuri sana hata Alawi akakosa chakula cha jioni, maana hakuna aliyejua bendeji ile inaanzia wapi. Kwenye skauti tu ndiko alikosifiwa, kwa kuchimba choo. Kuchimba alikuwa amezoea.

Hata hivyo alipata vyeti na beji, na siku ya kuitwa Mbeya ilipofika alikuwa na la kusema. Alawi alimwazima viatu. Bibi Yudith alimfungia mahindi ya kuchoma na maneno mawili: "Usijisahau."

Ndani ya basi alikariri majibu yake kwa Kiingereza, macho yamefumbwa, midomo ikicheza. Walipopita njia panda ya Rujewa, mama mmoja aliyepakata mfuko wa mchele alidhani anasali, na kila alipopumzika akamwitikia amina. Sedekia aliichukua kuwa ni baraka.

Kamati ilikaa bomani Mbeya, katika chumba chenye baridi ya Juni, na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa daktari Mzungu mwenye masharubu, aliyejua Kiswahili cha kuagizia chai. Wa pili, Mzungu pia, aliandika muda wote bila kuinua kichwa. Wa tatu alikuwa Mwafrika wa makamo, Daktari Didas, mtu wa Songea kwa Wangoni, aliyefanya kazi hapo Mbeya. Wavulana waliotangulia walitoka wakimsema kwamba huyo hacheki na wala haulizi chochote. Kofia yake ya pama ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yake, na kwenye mkono wa koti lake alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

Mambo yalikwenda vizuri. Sedekia aliulizwa habari za moyo, akaueleza moyo. Aliulizwa anafanya nini nje ya darasa, akataja kwaya, skauti, mdahalo na huduma ya kwanza, kwa mpangilio ule ule alioukariri. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeyasikia hayo hayo tangu asubuhi na hakutarajia mengine. Udaktari ulikuwa karibu. Sedekia aliuona kabisa, umekaa pale mezani karibu na kidau cha wino.

Ndipo Daktari Didas akafungua mdomo, na akauliza kwa Kiswahili.

"Nyumbani ni wapi, kijana?"

"Kalenga, bwana."

"Kalenga." Alilitafuna jina hilo. "Kumbe Mhehe. Na mbwa wa huko hawajambo? Wamebaki wangapi?"

Kila mtu anajua kwamba Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa, na kila Mhehe ana jibu lake tayari tangu utotoni. La Sedekia lilipanda likafika kwenye meno. Akalimeza. Alimwona Mwalimu Anyitike na filimbi yake, akaiona Makerere. Akasema, "Hawajambo, bwana."

Daktari Didas alimtazama. Uso wake ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyebisha hodi nyumba ya ndugu akajibiwa na mgeni.

"Nimemzika baba yangu," alisema polepole. "Kumzika nasema tu. Masika ilikata barabara, nikafika Songea kaburi limekwisha kufukiwa. Nimerudi kazini. Wananipa pole, wananishika mkono, wanaondoka. Mji mzima huu sijaona Mhehe hata mmoja aliyekuja kunisumbua. Mmekwisha? Au hao mbwa ndio waliowala nyinyi?"

Mwenyekiti aliyanasa maneno mawili matatu, mbwa likiwa mojawapo, akatabasamu kwa adabu.

Sedekia aliogopa. Tuseme wazi, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa makaburini. Akinyamaza, udaktari ni wake. Akijibu, anamtukana mtahini mbele ya Wazungu, ndani ya boma la serikali, kwa viatu vya kuazima. Lakini mtu alikuwa amefiwa, na alikuwa amemwita mtani wake kwa jina, na hapakuwa na mtani mwingine chumbani. Bibi Yudith hakumwambia ajisahau.

Akainuka. Akazunguka meza, akaitungua ile kofia ukutani, akaivaa mpaka ikayashika masikio. Mgongo ukapinda, goti likalegea, na mzee wa Kingoni akaanza kukokota miguu kwenye sakafu ya boma.

"Didas," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mwanangu. Mimi nimekufa, wewe umekaa kwenye kiti unauliza watoto habari za mbwa?"

Daktari Didas aliduwaa.

"Barabara imekatika, barabara imekatika! Mimi Wahehe walinikimbiza kutoka Iringa mpaka Songea bila barabara, na nilifika mapema! Sijapumzika tangu siku ile. Ndiyo kwanza nimelala, na wewe unakuja na uso huo kuniamsha? Na ng'ombe wangu nani anawachunga? Usiniambie umemwachia Mhehe."

Daktari Didas alicheka. Kicheko kilianza kifuani, kikatoka kama kikohozi, kisha kikamshinda akapiga meza kwa kiganja, na kidau cha wino kikaruka. Halafu, pale pale katikati ya kicheko, akaweka uso mikononi akalia, kilio cha mtu mzima ambacho kilikuwa kimekaa muda mrefu kikisubiri mlango.

Sedekia aliacha uzee. Alivuta kiti chake, akaketi kando yake, akanyamaza. Hiyo nayo ni kazi, na bibi alimfundisha kwamba ndiyo ngumu zaidi.

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Alichokiona yeye ni kwamba kijana mwenye beji ya skauti amechukua kofia ya mtahini, amemfokea, na amemliza. Akaonyesha mlango kwa kidole, akatumia Kiswahili chake chote: "Wewe. Toka."

Sedekia akatoka. Alipita sokoni bila kuona kitu, akapanda basi, na alipokuwa ameiacha Mbeya mbali ndipo abiria mwenzake alipomwomba asogeze kofia yake, inamziba. Akapapasa kichwani. Alikuwa bado ameivaa.

"Umeiibia kamati kofia," alisema Mwalimu Anyitike, akakaa chini kwenye nyasi za uwanja, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliona. "Kwaya, skauti, mdahalo. Nilikuunga kiungo kwa kiungo. Na wewe umekwenda kuiba kofia."

Akaamuru irudishwe kwa posta siku hiyo hiyo. Sedekia angeirudisha, lakini Jumamosi alipofika nayo Kalenga, Bibi Yudith aliikamata, akaikung'uta vumbi na kuitundika juu ya mlango.

"Kitu alichochukua mtani hakitumwi posta," alisema. "Mwenyewe atakuja kukikomboa."

"Bibi, yule ni daktari. Na mimi wamenifukuza."

"Amefiwa, hajafiwa?"

"Amefiwa."

"Atakuja."

Hakuja. Juni ikaisha, mahindi yakavunwa, na Sedekia akaanza kuzoea wazo la kuwa karani. Aliacha kwaya, na kwaya haikugundua. Usiku aliota anaueleza moyo mbele ya watu wasio na nyuso, na asubuhi aliamka asimwambie mtu.

Jumamosi moja ya Agosti, wakiwa wanapukuchua mahindi uani, gari la hospitali likasimama barabarani. Akashuka Daktari Didas, kichwa wazi juani. Chini ya kwapa alikuwa amebeba mtoto wa mbwa, mnene, mwenye rangi ya chai ya maziwa.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, vibaya makusudi. "Nasikia hapa wanapokea mateka."

"Wangoni hatupokei," alijibu Bibi Yudith bila kuinuka. "Wanakula sana."

"Nimekuja kukomboa kofia yangu. Na nimeleta kitoweo." Akamweka yule mbwa mapajani mwa Sedekia. "Lakini huyu si wa kuliwa leo. Kwanza anenepe. Wewe nenda Makerere, soma, na ukirudi daktari nitakuja kumhesabu miguu. Nikiukosa hata mmoja, nakushtaki."

Sedekia alimshika mbwa. Aliogopa kwamba akipumua, maneno yale yatatawanyika.

"Lakini yule mwenyekiti," alisema mwishowe.

"Yule? Nilikaa naye mpaka jioni nikimweleza. Akaniuliza tuandike nini kwenye shughuli zako za nje ya darasa. Nikamwambia aandike: huzika. Akasema, daktari gani huyu, mbona anaanzia mwisho? Nikamwambia Wahehe ndivyo walivyo, hata vitabu wanavisoma hivyo. Alicheka bwana yule. Sikujua kama ana meno." Akamkuna mbwa kichwani. "Kisha akaniambia mwaka jana naye alifiwa na mama yake, Ulaya huko. Akasema hakuna aliyemchukulia kofia."

Sedekia akainamisha uso kwenye manyoya ya yule mbwa.

Bibi Yudith alikuwa ameacha kupukuchua. Gunzi lilikuwa mkononi mwake, na macho yake yalikuwa barabarani, upande wa mjini, upande ambao mabasi yalitokea. Bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia msibani, wa mtani wala wa nani, alikuwa analia.

"Huko Makerere ni mbali," alisema. "Mimi ni mzee. Nikifa leo, nani atakuja kulala njiani mbele yangu?"

Mafunzo yote ya Sedekia yakamkimbia, kwa sababu safari hii msiba ulikuwa wa kwao.

Daktari Didas akainuka. Akaitungua kofia yake juu ya mlango, akaivaa upande, akachukua kanga ya bibi iliyoanikwa kwenye kamba akaifunga kiunoni mwake juu ya suruali. Akaanza kuzunguka uani kwa hatua fupi za haraka, kiuno kikicheza, kidole kikitikisa hewani, sura yote ya Bibi Yudith anapoingia kwenye msiba wa watu.

"Kwani mimi mtani wako sipo?" alisema. "Wewe kufa tu, bibi. Siku yoyote. Nitakuja."

Bibi Yudith alimtupia gunzi, likampata begani.

"Sifi," alisema akijifuta machozi, huku kicheko kikimshinda. "Nikupe wewe raha hiyo? Nirudishie kanga yangu."

"Ikomboe," alisema Daktari Didas, akaelekea kwenye gari nayo.