Unga wa Kucha

"Usiniachamie hapa, mama, nina wateja," Ritha alisema, na huku anasema alishasukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga kabati la rangi za kucha.

Lakini Anifa alikuwa ameshaachama. Alikuja moja kwa moja kutoka soko la samaki la Feri, gauni lake bado lina mafuta ya kukaangia samaki, na alikuwa ameuvuta mdomo wa juu kwa vidole viwili. Pale mbele, kwenye jino alilotengenezewa na Ritha mwenyewe kabla ya Ramadhani, palikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Ufizi juu yake ulikuwa umevimba, unang'aa, na katikati una kidoti cheupe. Kidoti kile kilikuwa usaha. Kisha harufu ikafika.

Kariakoo kunanuka, hilo halina mjadala. Kunanuka mitaro, kunanuka kuku waliofungiwa tengani tangu jana, kunanuka jasho la wabeba mizigo na marashi ya bei chee yaliyopakwa juu ya jasho. Mtu akishakaa mjini pua huchoka kuuliza. Lakini harufu hii ilikuwa na utamu ndani yake, utamu mbaya, kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Ritha aliziba pua kwa kiganja.

"Sijaja kugombana, mwanangu," Anifa alisema, akauachia mdomo. "Nimekwenda kwa daktari wa meno, yule binti wa Kihindi pale juu ya duka la vitambaa. Ananiuliza, huyo fundi alikutia kitu gani? Nikamwambia mimi sijui, nilifumba macho. Basi kanituma nikuulize."

"Nilikutia jino."

"Jino la nini?"

"Jino la dawa." Ritha aliwatazama wasichana wawili waliokaa kwenye benchi, vidole vimetandazwa, rangi bado mbichi. "Mama, na wewe bwana! Unatafuna mifupa ya samaki na jino jipya, unategemea nini? Mswaki unapiga? Watu mdomo hawaujui, kazi yao kumlaumu fundi."

Anifa alimtazama kwa muda. Hakumtazama machoni, alimtazama mdomoni. Kisha akasema, "Haya," akashuka kile kidaraja cha mbao kinachovuka mtaro, akapotea kati ya mikokoteni. Hakumkumbusha Ritha kwamba hata shikamoo hakumpa.

"Nyani haoni kundule," Ritha aliwaambia wasichana, akatoa kopo la marashi na kupuliza kibanda kizima, juu na chini ya meza. Wasichana walicheka. Mmoja alicheka kidogo tu, ameinamisha uso.

Kumtetea Ritha ni kazi, lakini haki yake apewe. Hakuamka siku moja akaamua kuharibu midomo ya watu. Alikuja mjini kutoka Masasi, akafikia kwa shangazi yake Magomeni, akajifunza kucha na kope mpaka akapata meza yake mwenyewe, nusu ya kibanda, nusu nyingine ni ya Paskalina muuza mawigi. Kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yake alifungua soda kwa meno, kama alivyofanya maisha yake yote, na jino la mbele likakatika, kipande kikabaki kwenye kizibo. Tangu siku hiyo akawa anacheka na kiganja mdomoni. Biashara ya urembo na pengo haviendi. Mteja anataka fundi ambaye mwenyewe anapendeza.

Mchana mmoja wateja hawapo, aliutazama unga wake wa kucha. Mweupe, laini, ukiuchanganya na maji yake yale yenye harufu ya kupasua kichwa unakauka ukawa jiwe. Kama unashika kwenye kucha ya mwanamke anayefua na kuosha vyombo, utashindwaje kwenye jino? Alichukua tupa akakikwaruza kile kisiki cha jino ili unga upate pa kung'ang'ania, akaujenga kwa brashi, akaulainisha kwa mashine yake ya kusugulia kucha. Alipotazama kioo, jino lilikuwepo. Lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Ritha alicheka peke yake kibandani na hakuziba mdomo.

Wasichana wakaliona, wakauliza, wakataka. Akamfanyia mmoja, akamfanyia mwenzake, na kwenye kibao chake kilichoandikwa "Kucha na Kope" akaongeza kwa rangi nyekundu "na Meno". Tatizo lake lilikuwa moja: midomo ya watu ilimtia kinyaa. Vidole havina mate. Mdomo una mate, una utando, una mabaki ya chapati ya jana, na ukiugusa ufizi unatoa damu. Basi alifanya kazi ya meno akiwa ameibana pumzi, uso ameugeuzia pembeni, mbio mbio. Alilainisha pale mbele panapoonekana. Kule juu, unga unapokutana na ufizi, aliacha kama palivyo, kwa sababu kule ndiko kulikokuwa na damu.

Anifa aliondoka, harufu haikuondoka.

Ritha alipiga deki. Alimwaga jiki kwenye mtaro mpaka mwenye genge la jirani akalalamika macho yanamuuma. Kesho yake alipofungua kibanda harufu ilikuwa bado ipo, ile ile, tamu na mbovu. Alimgombeza muuza dagaa aliyeegesha ndoo karibu. Alimgombeza Paskalina.

"Mawigi yako yananuka."

"Mawigi ya nailoni, dada yangu. Yanuke nini?"

"Basi kuna panya kafia humo."

Paskalina aliendelea kuchana wigi lililovishwa kichwa cha plastiki, akilichana polepole, mgongo amempa Ritha.

Alhamisi alikuwa na kazi kubwa. Ummy, binti wa mtaa wa pili, alikuwa anaolewa Jumamosi, na jino lake la mbele lilikuwa limemeguka kwenye ngazi za kwao. Walikubaliana aje saa za jioni. Asubuhi ile Ritha aliona hawezi tena kuvumilia uvundo ule na bado afungue mdomo wa mtu. Akachakura droo, akapata barakoa iliyobaki tangu enzi za korona, akaivaa ili apumzike na harufu za wenzake.

Harufu ikazidi.

Akaivua, ikapungua. Akaivaa, ikazidi. Akaivua tena, akaigeuza ndani nje, akaitazama kama mtu aliyefanyiwa mchezo, lakini kitambaa kilikuwa kisafi. Akaivaa mara ya mwisho na kuvuta pumzi kwa pua, taratibu. Ilikuwa ile ile ya siku ya Anifa, ila leo hakukuwa na mtu wa kumsukumia kiti. Alivua barakoa akaitupa chini, akaukanyaga ule mdomo wa kitambaa kwa kandambili.

"Paskalina."

"Abee."

"Ni mimi?"

Paskalina aliweka kitana chini. "Tangu Ramadhani," alisema. "Mwanzoni tulidhani mtaro."

"Tulidhani! Na nani?"

"Watu tu, Ritha. Wateja."

"Na hukuniambia? Tunakula sahani moja, Paskalina!"

"Ningekwambiaje? Mtu mzima anaambiwaje kitu kama hicho?" Paskalina alikuwa karibu kulia. "Tena sahani moja tuliacha. Hujaona kwamba siku hizi nasema nimefunga?"

Ritha hakuwa ameona. Aliona aibu iliyoanzia masikioni ikashuka mpaka miguuni, na ndani ya aibu ile alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mteja yeyote. Alijifunga kitambaa mdomoni, akachukua kopo lake la unga, akatoka.

Ngazi za kwa daktari zilikuwa nyembamba, kuta zake zina michirizi ya mate ya watafuna tambuu waliopita. Juu, kwenye benchi la kusubiria, Anifa alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Ritha alitaka kurudi, lakini nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine anapanda.

"Shikamoo, mama," alisema ndani ya kitambaa.

"Marahaba. Kaa." Anifa alimsogezea nafasi. Kisha, bila kuombwa, akaachama. Kile kitu cha rangi ya chai hakikuwepo tena. Palikuwa na pengo, na ufizi umenywea. "Jino limekwenda, haikuwezekana. Leo ananitazama tu kama kidonda kimefunga. Usaha umekwisha."

Ritha alisogea, akanusa kabla hajajizuia. Haikunuka kitu, ila samaki kidogo kwenye gauni.

"Nisamehe, mama."

"Siku ile ulipoongea na mimi ndipo niliposikia harufu yako," Anifa alisema. "Nikasema, kumbe naye anaumwa. Nikaondoka."

Daktari aliitwa Zalak. Alikuwa binti mdogo, wazazi wake ndio wenye duka la vitambaa la chini, na anaongea Kiswahili cha Kariakoo kama aliyezaliwa sokoni. Udaktari alishaumaliza, ila alikuwa anasoma bado, anafanya utafiti wa vitu ambavyo watu wa mjini hujizibia meno, na kwenye rafu yake kulikuwa na vichupa vyenye vipande alivyovitoa: gundi ya viatu, nta ya mshumaa, gamu ya kutafuna iliyogeuka jiwe. Ritha alivitazama upesi upesi. Kisha akaona kimoja chenye rangi ya chai ya maziwa, akaujua mkono wake.

"Ni mimi niliyemtengenezea yule mama," alisema, akaweka kopo la unga mezani. "Utanishtaki?"

"Nataka unga wako, na wote uliowawekea. Wangapi?"

Ritha alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Sijui."

"Utawaleta. Wewe nimeshakupata. Lala hapa, dada, vua kitambaa."

Sindano ya ganzi, kisha mlio wa mashine, na mlio ulikuwa ule ule wa mashine ya kibandani kwake. Kitu kikameguka. Ritha alihisi kipande kimeachia, na papo hapo harufu ikatoka yote, harufu ya miezi, ikajaza chumba. Alifumba macho akasubiri sauti ya kiti kinachosukumwa nyuma.

Kiti hakikusogea.

Alifumbua jicho moja. Zalak alikuwa ameinama pale pale, karibu, macho yake hayajabadilika juu ya barakoa. Kwenye pamba alikuwa amekiweka kile kipande: nje cheupe bado, kizuri bado, na ndani cheusi, kimeshikilia uzi wa mchicha ambao Ritha hakukumbuka aliula lini.

"Daktari," alisema kwa mdomo uliokufa ganzi, "husikii?"

"Nasikia sana."

"Mbona hukunji uso?"

"Nikikunja uso utafunga mdomo," Zalak alisema. "Ukifunga, mimi nitaona nini?" Alisafisha, akasafisha tena, akimvuta mate kwa mpira mwembamba. "Unga huu ni wa kucha, mahali pakavu. Mdomoni hakuna pakavu. Na hapa juu, kwenye ufizi, uliacha ukingo kama ngazi. Chakula kinaingia, hakina pa kutokea."

"Damu ilikuwa inatoka. Niliona kinyaa."

Zalak alimwambia jino limeoza karibu lote, atajaribu kuuokoa mzizi, lakini kwanza uvimbe ushuke. Mpaka hapo atakaa na pengo.

"Mimi mtu wa biashara, daktari."

"Najua, dada. Achama kidogo tena."

Aliporudi kibandani, kitambaa mdomoni tena, Ummy alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kiti cha wateja, hina ya mikononi imekolea, simu ameiinua mbele ya mdomo ili jino lake lililomeguka lisionekane na wapita njia. Paskalina alikuwa amejificha nyuma ya vichwa vyake vya plastiki.

"Shikamoo, da Ritha. Jamani, nimekaa mpaka nimeota mizizi! Jumamosi hiyo hapo, na bwana harusi bado hajaniona hivi." Alishusha simu. Kipande kilichomeguka kilikuwa kidogo tu, na jino lililobaki lilikuwa jeupe, zima kabisa. "Nifanyie fasta. Nataka kama lako."

"Kama langu?"

"Kama lako vile vile."

Ritha aliitazama tupa, ilikuwa imelala pale alipoiacha. Brashi pia, na chupa ya maji ya unga, na kwenye droo kulikuwa na kopo la unga la akiba. Kazi yenyewe angeimaliza kabla ya adhana ya magharibi. Binti angelia kwa furaha, angewatuma na mashoga zake waje.

Alikaa. Aliivuta taa ya mezani, ile inayomulika vidole, akaigeuza mpaka ikamwangaza yeye usoni. Akafungua kitambaa. Akatoa pamba aliyowekewa na Zalak, iliyokuwa imelowa na kuwa nyekundu, akaiweka juu ya taulo la wateja. Kisha akauvuta mdomo wa juu kwa vidole viwili, akaachama.

Kiti cha Ummy kilirudi nyuma kikagonga kabati, chupa za rangi zikalia. Mkono wa hina ukaruka puani.

Ritha hakufunga mdomo. Ganzi ilikuwa inaanza kuisha, mate yenye damu yanajikusanya chini ya ulimi, na nje watu wanapita, wengine wanageuka kuangalia. Aliendelea kuachama kwenye mwanga wa taa, akimsubiri binti asogee.