Poda ya Bosi

Nikiri kosa langu kabla hamjanizomea: mimi ndiye wa kwanza pale mtaani kusema Rula kaanza pombe. Nilimwona akijimwagia chai kifuani, nikacheka, nikaubeba umbea nyumba hadi nyumba. Kumbe masikini hajawahi hata kuonja.

Walimwita Rula kwa sababu alikuwa akipiga mstari wa rangi ukutani kwa mkono mtupu, na ukanyooka. Karakana yao ya rangi ikamhamishia chumba cha kuchanganyia. Humo, unga wa metali laini kuliko moshi ulitiwa kwenye rangi ili iue vijidudu. Akapewa kitambaa cha kufunga puani, basi. Kwanza pua iliacha kunusa. Halafu mkono ukaanza kucheza. Halafu jioni moja akamwamkia mkewe kwa adabu zote, "Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, mume wangu," mkewe akamjibu.

Daktari waliyemwendea hakutaka kuapa kwamba ni ule unga. "Lakini mama, vumbi dogo namna hiyo linaweza kupenya puani, likafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mtoeni humo."

Bosi alipoambiwa, alicheka mpaka kiti kikalia. "Aa, shemeji! Ile ni kama poda ya mtoto tu. Mwambie mumeo apunguze chupa."

Akalisema hilo mbele ya watu, na watu wakaamini. Rula akafukuzwa kwa ulevi, mwingine akaingia chumba kile kile.

Mke wa Rula hakulia. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia ofisi ya Bosi, na mfagiaji huona mengi. Aliona kwamba Bosi hakanyagi chumba cha kuchanganyia hata siku moja. Husimama nyuma ya kioo, akapiga kelele kutokea huko. Aliona kwamba wachanganyaji wakiitwa ofisini, huvua maovaroli nje. Sasa poda gani ya mtoto inaogopwa na mtu mzima na kitambi chake?

Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wote walijipanga mlangoni mwa ofisi kusikiliza maagizo ya wiki. Bosi akaingia, na kama kawaida yake, kabla ya salamu akawasha kiyoyozi. Wingu la kijivu likamshukia kichwani, likajaa kwenye suti.

"Nini hii?"

"Poda, Bosi," akasema mke wa Rula, kaegemea fagio lake. "Ile ya kule ndani. Nimeona si haki vijana waifaidi peke yao."

Bosi akajiziba pua kwa tai. Kiti kikaanguka, simu ikaanguka, naye akaipanda meza kama mbuzi. "Maji! Tokeni! Msivute pumzi, wajinga nyie, msivute pumzi!"

Akawapita mbio mpaka bombani uani.

Hakuna aliyecheka. Mchanganyaji mpya alikivua taratibu kitambaa chake shingoni, akakitazama kama mtu aliyeokota kitu kisichokuwa chake.

Mke wa Rula alichovya kidole kwenye vumbi la mezani, akakilamba. "Unga wa ngano na masizi ya sufuria yangu," akawaambia. "Umekosa sukari tu."

Kisha akatoka nao uani. Bosi alikuwa amepiga magoti, kichwa chini ya bomba, macho kayafumba, mkono unapapasa taulo. Taulo alikuwa nalo mke wa Rula, begani. Hakumpa.

"Bosi," akasema, "rudia ile habari ya chupa. Wenzake Rula wanakusikiliza."

Maji yakaendelea kumwagika.