Mpango wa Taufiki

Taufiki alikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikaa tumboni. Mtoto wa kisiwa cha Juani, Mafia, baba nahodha, babu nahodha, mwenyewe yuko chuoni Dar es Salaam anasomea sayansi ya bahari, lakini akipanda chombo hutapika. Baba yake, anayeendesha boti ya wageni Utende, hakujua. Alikwishaitangazia pwani nzima kwamba mwanawe ataingia boti za doria za hifadhi ya bahari.

Sasa Taufiki alikuwa kwenye duara la viti, katika darasa moja hapo Utende, na wanafunzi saba wa vyuo waliorudi likizo. Leonia, mshauri wa ajira kutoka bara, alitaka kila mmoja asome mpango wake, wenzake waukosoe. Kikao kikiisha angeondoka na fomu zao za mafunzo kwa vitendo. Ukishaandika, umeandika.

"Miezi mitatu kwenye boti ya doria," Taufiki alisoma. "Halafu niombe kazi hukohuko."

"Haya, mkosoeni," Leonia alisema.

"Mpango mzuri."

"Mzuri sana, mashaallah."

Tangu asubuhi kila mpango ulikuwa mzuri. Watu wa Mafia hawamwaibishi mwenzao mbele ya mgeni, hata akisema anakwenda kuposa papa. Leonia akafunga daftari.

"Kwani huyu hana mtani humu ndani?"

Vichwa vyote viligeuka. Arafa, mtoto wa shangazi yake Taufiki, alikwishasimama.

"Mwalimu, ulichelewa wapi? Binamu yangu huyu, doria? Wavuvi wa baruti watamrudisha pwani kwa huruma! Leo tu kawalisha samaki chai na vitumbua, kutoka Juani mpaka hapa."

Darasa likaangua kicheko. Taufiki alitamani sakafu immeze. Lakini mtani hanuniwi; ukinuna, umeshindwa.

"Yalikuwa mawimbi," alijitetea.

"Mawimbi gani? Wewe hata chombo kikiwa kimefungwa unashika kichwa!"

Leonia alijifuta machozi ya kicheko. "Taufiki, tuache boti. Wewe mwenyewe unataka kujua nini?"

Taufiki aliweka karatasi chini. "Mwani wa mama umeoza mara mbili mwaka huu. Nataka kujua kwa nini. Maji yanapokupwa naweza kuingia shambani kwa miguu yangu."

"Kazi ya wanawake hiyo!" mwanafunzi mwenzao Sadick alidakia.

"Nyamaza wewe," Arafa alimgeukia. "Kwenye mpango wako umeandika 'meneja'. Meneja wa nini?"

Taufiki alifuta doria kwenye fomu, akaandika mwani, akamkabidhi Leonia. Kisha akateremka pwani kabla woga haujamrudia. Baba yake alikuwa akisugua boti.

"Shikamoo, baba. Doria siendi. Chombo kinanitapisha. Nimechagua utafiti wa mwani."

Mzee aliacha kusugua. Alimtazama kama anayetazama injini iliyogoma.

"Utaanza na shamba la mama yako?"

"Ndiyo."

"Basi uje na jibu la maana. Kila mwani ukioza, anayelaumiwa nyumbani ni mimi."