Uliitikia Amina

Swali la mwisho la Mwalimu Anthony wa Fizikia lilibaki ubaoni hata baada ya mwenyewe kuhamia ofisi za serikali kule Mtumba. Lilihusu jiwe lililorushwa juu, na lilitaka kujua litatua wapi. Hakuna aliyelifuta, kwa kuwa hakuna aliyelijibu. Vumbi liliingia dirishani likalivika rangi ya udongo, na wasichana wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wakawa wanaingia, wanakaa, wanalitazama, wanatoka. Wenzao wa Historia waliwaita watawa wa jiwe.

Elieth hakucheka wala hakununa. Alikuwa na lake moyoni. Kwao Hombolo mama yake aliugua vikope, ule ugonjwa unaogeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza mboni kama miiba. Tangu utotoni Elieth ndiye aliyemng'oa kope hizo kwa kibanio, mama kalaza kichwa pajani mwake, hapepesi. Siku moja mama alimwambia, kwa utani wa mtu anayeumia, "Mkono huu ungesomeshwa, ningezeeka ninaiona nyumba yangu." Utani ule ukamwingia, ukaota mizizi. Angekuwa daktari wa macho, na mlango wa udaktari haufunguki bila Fizikia.

Kidato cha sita kilipoanza, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, aliitwa ofisini. Mkuu wa shule, Madamu Dorothea, alikuwa mama mpole, wa upole ule wa pamba inayoziba sikio. Kando yake aliketi Mchungaji Obedi, mlezi wa kiroho wa shule na mwalimu wa Diviniti, somo la Biblia. Walimweleza kwa maneno laini kwamba mwalimu wa Fizikia bado anatafutwa, kwamba alama zake za somo hilo zingeishusha shule, na kwamba kwenye Diviniti, Historia na Kiswahili palikuwa na nafasi. Hawakusema wanamwondoa. Walisema huenda Bwana anamwita.

Elieth aliomba kwa adabu azungumze kwanza na mama yake.

"Vema kabisa, binti," alisema Mchungaji. "Tuombe."

Akafumba macho. Sala ilianza mbali, kwenye kuumbwa kwa mbingu na nchi, ikateremka polepole kwa manabii, na ilipofika pale ofisini ilikuwa imeshika kasi: "Na tunakushukuru kwa binti yako Elieth, aliyeusikia wito wako na kuupokea kwa moyo mkunjufu, katika jina la Yesu."

"Amina," alisema Madamu.

"Amina," alisema Elieth.

Lilimtoka kama chafya. Tangu alipojua kusema ameliitikia neno hilo, kwenye salamu, kwenye chakula, hata kwenye matangazo ya kwaya. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata nyuma inahema. Alipofumbua macho, Madamu alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Asubuhi yake jina lake lilisomwa mstarini pamoja na wa Diviniti, darasa ambalo wasichana waliliita kapu la Bwana, maana aliyeshindikana kwingine alitupwa humo. Alirudi ofisini mbio.

"Shikamoo, Madamu. Mimi sikukubali."

"Marahaba. Hukukubali nini?"

"Kuacha Fizikia."

Madamu alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Elieth, uliitikia Amina. Mimi nilikuwepo, Mchungaji alikuwepo, na Mungu alikuwepo. Sasa unataka tukamwambie nini?"

Tegemeo likabaki kwa mama. Siku ya wazazi alifika, khanga kaivuta hadi kwenye nyusi kukinga jua. Alisikiliza yote, kisha akataka kujua jambo moja: alisema au hakusema?

"Nilisema, mama. Ila sikumaanisha."

"Amina si pipi, mwanangu, uitoe mdomoni uitazame kama bado ipo." Akajifuta chozi ambalo halikuwa la huzuni, lilikuwa la kope. "Soma hilo walilokupa."

Akalisoma. Alilisoma kama mtu atafunaye shubiri, akawa wa kwanza darasani, na Mchungaji akatangaza kwamba wito umejidhihirisha wenyewe. Kumbe Elieth alikuwa amejifunza jambo lisilokuwemo kwenye mtaala wowote, nalo ni kuisikiliza sala mpaka mwisho wake kabla ya kufungua kinywa. Wenzake walipoitikia, yeye alikuwa bado anapima. Mara nyingi aliona haifai, akafunga mdomo. Mtu akinyamaza kanisani hudhaniwa ana unyenyekevu.

Usajili wa mtihani ulipofungwa, mwalimu wa Fizikia akapatikana. Kijana mmoja nadhifu, Octavian, alisimamishwa mbele ya shule, na Mchungaji akasema Mungu hachelewi. Kisha akamwita Elieth aongoze sala ya shukrani. Madamu akamtabasamia, kama mtu anayelipa fadhila.

Elieth akaomba ruhusa asali kwa lugha ya mama yake. Mchungaji, mtu wa Bukoba, alicheka kidogo, akasema mbinguni hahitajiki mkalimani. Shule ilijaa watoto wa watumishi kutoka kila pembe ya nchi. Wagogo walikuwa wawili tu, yeye na Anna wa Mpwapwa, aliyesimama mstari wa nyuma.

Akasali kwa Kigogo, taratibu. Alisema: Mungu, unajua sikukubali. Walifunga mlango, wakaubandika jina lako. Leo mwenye ufunguo amekuja na mimi niko nje. Hawa wote, kama wanakiri kwamba nilinyang'anywa, na waitikie.

"Amina!" ikaitikia shule nzima, kwa kishindo kilichowarusha njiwa waliokuwa juu ya bati. Sauti ya Madamu ilisikika kupita zote.

Elieth alifumbua macho. Hakuna kilichobadilika, Octavian alikuwa anarekebisha tai, Mchungaji anatafuta wimbo. Wasichana walikuwa wameshaanza kukohoa na kuburuza viatu, ndipo kutoka mstari wa nyuma ikaja nyingine, moja, ya chini, kama ya mtu aliyekwisha kupima.

"Amina."

Madamu akageuka, kumtafuta aliyechelewa.